Umepandisha toleo la Linux nyumbani ikagomea njiani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbukwenyi ndugu zangu. Nakaa Ipagala hapa Dodoma, na tangu majirani wajue natumia Linux nyumbani, kila apgredi ikimgomea mtu laptopu inaletwa kwangu, kuna moja ilitoka Kongwa kwa basi imefungwa kwenye kanga. Maswali ni yaleyale karibu kila mara, nimeona niyaandike hapa pamoja na majibu. Mengi naongelea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, maana ndo wengi wanayo, ila Mint na Debian hazitofautiani sana, zote zinatumia apt na dpkg, yaani programu za kuingiza na kusasisha programu nyingine. Kabla hujasoma chochote shika hili moja, apgredi ikifeli mafaili yako kwa kawaida bado yapo palepale kwenye diski, kilichovurugika ni mfumo tu. Asikupigie mtu formati kabla hujayatoa.

Umeme umekatika katikati ya apgredi. Saivi nikiwasha inaandika mistari kidogo halafu skrini inabaki nyeusi. Ndo imekufa?

Haijafa. Hili ndo swali linaloongoza, iwe umeme umekatika mtaa mzima au ni yuniti za LUKU zimeisha saa tano usiku na hakuna wa kununua. Kinachotokea ni hivi, dpkg ndo inayoingiza programu, na kila pakiti, yaani kifurushi cha programu, inaishughulikia mara mbili, kwanza inaifungua na kuweka mafaili mahali pake, halafu inaipanga ianze kufanya kazi. Umeme ukikata hapo kati unabaki na pakiti kibao zimefunguliwa ila hazijapangwa, na dpkg inakumbuka kabisa iliishia wapi. Kazi yako ni kuiambia imalizie.

Washa kompyuta, na mara tu nembo inapotokea bonyeza Esc kama ni ya UEFI, yaani kompyuta za kisasa, au shikilia Shift kama ni ya zamani, mpaka uone menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Esc usiipigepige mfululizo, inaweza kukutupa kwenye mstari wa `grub>`, ikitokea hivo zima uanze upya. Kwenye menyu chagua Advanced options for Ubuntu, halafu mstari wenye maneno recovery mode, kisha kwenye menyu itakayofuata chagua root. Andika moja moja na usiende ya pili kabla ya kwanza haijamaliza:

`mount -o remount,rw /`
`dpkg --configure -a`
`apt --fix-broken install`
`apt full-upgrade`

Mara nyingi intaneti huhitaji hata kidogo maana pakiti zilishashushwa zote kabla umeme haujakata. Ikikudai intaneti chomeka simu kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kupitia USB, kompyuta itaiona kama waya wa kawaida, halafu rudi kwenye ile menyu uchague network.

Kuna mwalimu wa sekondari wa Nkuhungu alikuja na laptopu ya namna hii, matokeo ya kidato cha pili yote yalikuwa humo na hana kopi popote, na fundi aliyempelekea kwanza alishamwambia alete elfu thelathini apige formati. Tulikaa pale mezani, `dpkg --configure -a` ikaenda kama dakika arobaini, mistari ya Setting up inapanda tu mmoja baada ya mwingine, yeye kaangalia skrini hata chai hajagusa. Tuliporestati ikaja sehemu ya kuweka paswedi na nyuma yake picha ileile ya wanawe wawili. Ile formati ingekula kila kitu, na kisa chote kilikuwa amri moja. Ndo maana nalisema hili kila siku.

Mimi ni bando lililoisha, umeme haukukatika.

Hapo tulia kabisa. Kama ilikuwa bado inashusha, mfumo wako wa zamani haujaguswa, ile programu ya apgredi ikikosa mtandao inajirudisha yenyewe ilivyokuwa na kukwambia imeghairi. Nunua bando uanze tena. Vilivyoshuka tayari vinakaa kwenye `/var/cache/apt/archives` kwahiyo hutaanza moja, usipige tu `apt clean` katikati maana hiyo inafuta vyote ulivyolipia. Kabla haijaanza kushusha inakwambia jumla ni kiasi gani, soma pale, pima na bando lako, ukiona ni la mawazo jibu hapana usubiri hadi uwe na mtandao wa uhakika.

Imestaki masaa matatu, haiendi mbele wala hairudi. Nizime?

Usizime! Angalia kwanza kama haikuulizi swali. Dirisha la apgredi la Ubuntu lina sehemu ya terminali, ile ya kuandika amri, iliyofichwa kwa chini, kuna kimshale cha kuifungua, na mara nyingi sana nikikifungua nakuta kuna swali limekaa linasubiri jibu tangu asubuhi. Linakuwa linauliza kuhusu faili fulani la mipangilio, kwamba kuna toleo jipya na lako limebadilishwa, uweke lipi. Ukiandika N inabakiza lako la zamani, ukiandika Y inaweka jipya, na ukipiga Enter tu inachukua N. Kama hujawahi kugusa hilo faili kwa mkono wako weka Y, kama uliwahi kulibadilisha wewe baki na N. Herufi D inakuonyesha tofauti kati ya mawili, mimi huwa naangalia kwanza.

Kuna nyingine zinakuja kama boksi la bluu au zambarau lenye neno Ok chini, panya haifanyi kitu pale, bonyeza Tab mpaka Ok iwe na rangi, halafu Enter.

Kama ulianzia kwenye terminali na bahati mbaya ukaifunga, apgredi inaweza kuwa bado inaendelea kwa nyuma ndani ya programu iitwayo screen. Fungua terminali nyingine uandike `sudo screen -d -r` utaikuta ilipo.

Kama hakuna swali lolote, angalia taa ya diski. Inawaka waka? Iache. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka na RAM GB 2 inaweza kukaa nusu saa kwenye mstari mmoja tu na iko kazini.

Inaniambia Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend.

Kuna programu nyingine inatumia apt muda huohuo, mara nyingi ni zile apdeti zinazojiendesha zenyewe kila ukiwasha. Subiri dakika kumi au kumi na tano. Utakutana na watu wanakushauri ulifute hilo faili la lock, usifute, ukilifuta wakati mwenzie yuko kazini ndo unaiharibu kweli.

No space left on device, na diski yangu ina GB 200 wazi!

Nafasi iliyojaa sio hiyo unayoiangalia. Andika `df -h` usome mstari wa `/boot`, sehemu yenye mafaili ya kuwashia. Ukiwa na `/boot` iliyotengwa peke yake, na hasa wale waliofunga diski kwa nywila wakati wa kuinstoo wanayo hiyo, ni kipande kidogo tu, na kila kerneli (kiini cha Linux) mpya inayokuja inaacha ya zamani hapohapo. Zikijazana, initrd ya kerneli mpya, kifurushi chake cha kuifikia diski, inakosa pa kuandikwa na apgredi inakwama.

`uname -r`
`sudo apt autoremove --purge`

Hiyo ya kwanza inakwambia kerneli unayotumia sasa hivi, iandike kwenye karatasi, hiyo hairuhusiwi kufutwa kwa namna yoyote. Ya pili inaondoa zile za zamani zisizo na kazi. Ikigoma, orodhesha zote kwa `dpkg -l 'linux-image-*'` halafu ondoa moja ya zamani kabisa kwa `sudo apt purge` na jina lake, ukishapata nafasi kidogo rudia `sudo dpkg --configure -a`.

Kama iliyojaa ni `/` yenyewe, yaani sehemu kuu ya mfumo, `sudo journalctl --vacuum-size=100M` inapunguza logi, na `sudo apt clean` inafuta pakiti zilizoshushwa, ila hii ya pili piga kama tu una bando la kuzishusha tena.

Release file is not valid yet. Hii ni nini tena?

Saa ya kompyuta iko nyuma. Nakutana nayo sana kwenye desktopu za mitumba, ile betri ya duara kwenye ubao, CR2032, imeshakufa, kwahiyo ukichomoa waya au umeme ukikata saa inapotea. Apt ikiangalia seva inaona orodha ya pakiti imeandikwa tarehe ambayo kwa kompyuta yako haijafika bado, inakataa. Andika `date` ulinganishe na simu, ukiona tofauti rekebisha mfano `sudo date -s "2025-09-14 10:30"` ila weka tarehe na saa za siku hiyo, kisha `sudo apt update`. Betri yenyewe bei yake ndogo, nunua ubadilishe, ukisharekebisha saa tu bila betri utarudi hapahapa umeme ukikata tena.

Apgredi imeisha vizuri kabisa, nimerestati, skrini nyeusi.

Kama ina kadi ya picha ya NVIDIA naanza kukisia hapo, draiva ya zamani haikubaliani na kerneli mpya. Jaribu kwanza Ctrl+Alt+F3, ukipata sehemu nyeusi inayokuomba jina na paswedi basi kompyuta ni nzima, ni picha tu haitoki. Ingia, andika `sudo ubuntu-drivers install`, restati.

Ikigoma hata hiyo, nenda menyu ya GRUB, simama kwenye mstari wa kwanza ubonyeze herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni kuna quiet splash, ongeza `nomodeset` baada yake kisha F10. Picha itakuja mbayambaya na kubwa kubwa, hiyo ni ya muda, ikutoshe kuingiza draiva sahihi.

Kernel panic, VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0).

Maneno yanatisha ila maana yake ni ndogo, kerneli mpya imewaka bila initrd, kile kifurushi kinachoisaidia kuifikia diski. Sababu ni ileile ya `/boot` kujaa au umeme kukata. GRUB, Advanced options, chagua kerneli ya zamani, yaani yenye namba ndogo. Itawaka. Ukishaingia hakikisha nafasi ipo halafu:

`sudo update-initramfs -c -k all`
`sudo update-grub`

Ndo maana kwenye swali la nafasi nilisema kerneli unayotumia isifutwe, ikija mpya hiyo ndo inakuwa ya zamani na ndo mlango wako wa nyuma.

Inaishia kwenye (initramfs) na inataka nipige fsck kwa mkono.

Diski imezimwa ghafla na mpangilio wa mafaili umevurugika, fsck ndo amri ya kuutengeneza. Juu kidogo itakuwa imekutajia jina la sehemu yenyewe, tuseme `/dev/sda2`, andika `fsck -y /dev/sda2`, iache itengeneze, ikimaliza andika `reboot`.

Lakini hapa naomba usimame kidogo. Kama diski inagonga tik tik tik, au kabla ya hapo uliona maneno I/O error mengi mengi, usipige fsck. Hiyo diski inakufa na kila kazi unayoipa unaipunguzia maisha, toa mafaili kwanza kwa njia ya flashi nitakayoeleza chini hapo. Ukishayatoa unaweza kuipima kwa `sudo smartctl -a /dev/sda` kutoka kwenye smartmontools, ukikuta Current_Pending_Sector au Reallocated_Sector_Ct sio sifuri na zinaongezeka, tafuta diski nyingine.

Nimebaki na grub rescue> tu. Hakuna menyu, hakuna kitu.

Hapa unahitaji flashi ya GB 8 na kompyuta ya jirani. Shusha Ubuntu, iandike kwenye flashi kwa Balena Etcher au Rufus, washa kompyuta yako kupitia hiyo flashi na uchague Try Ubuntu, sio Install. Fungua terminali uandike `lsblk -f` utazame, sehemu ya ext4 kubwa ndo mfumo wako, ndogo ya vfat ndo ya EFI, ya kuwashia kwenye kompyuta za UEFI. Mfano wangu hapa mfumo uko sda2 na EFI sda1, wewe weka zako:

`sudo mount /dev/sda2 /mnt`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done`
`sudo chroot /mnt`

Mstari wa EFI uruke kama kompyuta ni ya BIOS ya zamani, na kama una `/boot` yako ya pembeni nayo ipandishe kwenye `/mnt/boot` kabla ya hiyo ya EFI. Ukishafika hapo uko ndani ya mfumo wako mwenyewe japo haujawaka, unaweza kufanya yote tuliyosema:

`dpkg --configure -a`
`update-initramfs -u -k all`
`grub-install /dev/sda`
`update-grub`

Kwenye UEFI `grub-install` peke yake inatosha bila jina la diski. Na angalia ni `/dev/sda` nzima, sio sda2. Wenye diski mbili ndo wanaopata hili tatizo zaidi, GRUB inaandikwa upya kwenye diski moja wakati kompyuta inawakia kwenye ile nyingine yenye GRUB ya zamani, zinakosa kuelewana.

Nitatoaje mafaili yangu kabla ya yote hayo?

Flashi hiyohiyo. Ukiwa kwenye Try Ubuntu fungua sehemu ya mafaili, diski yako itaonekana pembeni, ibonyeze, ingia home, ingia folda lenye jina lako, chomeka diski ya nje ukopi. Ikikataa kwa kusema huna ruhusa tumia terminali, ukishapandisha mfumo wako kwenye `/mnt` kama swali lililopita:

`sudo cp -r /mnt/home/jinalako /media/ubuntu/diskiyanje/`

Usisahau yaliyojificha, yale yanayoanza na nukta, bonyeza Ctrl+H yatokee, humo kwenye Ubuntu za zamani ndo kuna alamisho za Firefox na barua za Thunderbird, kwenye mpya angalia pia folda la snap. Waliofunga diski kwa nywila wataombwa nywila hiyohiyo wanayowekaga wakiwasha, bila hiyo mimi wala mtu yeyote hawezi kukusaidia.

Laptopu inajizima yenyewe ikifika katikati, na chaji imejaa.

Joto. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi upepo na vumbi vinajulikana, na apgredi inaifanyisha prosesa kazi mfululizo lisaa lizima kitu ambacho kuangalia video hakufanyi. Nilifungua desktopu moja ya Chang'ombe, kati ya feni na yale mabati ya kupoozea palikuwa na vumbi jekundu limeshikana kama sufi ya mto, nililitoa kwa kidole likaja kipande kizima. Feni inazunguka vizuri ila hewa haipiti. Tulipuliza nje uwanjani, tukabadilisha na ile pesti ya prosesa, apgredi ileile iliyokuwa imekata mara mbili ikaenda mpaka mwisho. Usiweke laptopu juu ya godoro, iweke mezani, na apgredi fanya alfajiri kukiwa na ubaridi.

Wifi imepotea baada ya apgredi.

Chomeka simu kwa USB upate mtandao, halafu `lspci | grep -i network` uone kadi ni ya nani. Broadcom nyingi zinarudi kwa `sudo apt install bcmwl-kernel-source`. Vile vidude vya USB vya Realtek ambavyo ulitengenezewa draiva kwa mkono vinapotea kila kerneli inapobadilika, itabidi draiva itengenezwe upya, kwa muda huo tumia kerneli ya zamani.

Niko 20.04, naweza kuruka moja kwa moja hadi 24.04?

Hapana, unapita 22.04 kwanza. Hizo namba ni mwaka na mwezi, 24.04 ni Aprili 2024, na zile za muda mrefu zinatoka kila baada ya miaka miwili na zinapata matengenezo ya kawaida miaka mitano. Ya 20.04 imeshaisha muda wake wa kawaida 2025, 22.04 inaenda hadi 2027, 24.04 hadi 2029. Wanaobadilisha majina ya matoleo kwa mkono ndani ya sources.list, faili linaloiambia apt ishushe pakiti wapi, ili waruke ndo wateja wangu wakubwa, pakiti zinagongana mpaka hata mimi nashindwa kuzifumua.

Ikikuambia usakinishe apdeti zote kwanza, fanya kweli, `sudo apt update`, `sudo apt full-upgrade`, restati, ndo urudie `sudo do-release-upgrade`. Na zile PPA, yaani hazina za programu za nje, ulizoongeza mwenyewe ziondoe kabla, programu ya apgredi inazizima ila pakiti zake zinabaki na ndo zinazokwamisha.

Wenye kompyuta za biti 32, `uname -m` ikikujibu i686, Ubuntu iliishia 18.04 kwenu, usiilazimishe.

Nimeshindwa yote. Nikimpelekea mtu anisaidie nibebe nini?

Chaja yake, maana nusu ya wanaokuja wameiacha. Diski ya nje yenye nafasi. Paswedi yako ya kuingilia, na nywila ya diski kama uliiweka. Picha ya simu ya maneno ya mwisho yaliyotokea kwenye skrini, iliyopigwa karibu yasomeke, maana "iliandika kitu cha kiingereza" hainisaidii kitu. Kama inawaka hata kidogo, kopi lile folda la `/var/log/dist-upgrade` kwenye flashi, ndani kuna `main.log` na `apt-term.log`, humo ndo imeandikwa pakiti iliyogoma kwa jina. Na mwambie ukweli wote, hata kama ulifuta kitu au ulizima kwa kubonyeza batani kwa nguvu, sema, hakuna atakayekugombeza, ila ukificha tutatafuta sehemu ambayo sio.